Taa za Kuzama Kwenye Dari ya Hajati

Jumatatu, 10 Oktoba 1988

Mbarara. Mvua asubuhi, kisha jua. Leo nimesema uongo mdogo, wenye faida.

Hajati Kulusum, yule mwenye maghala ya ngozi, amemaliza nyumba yake mpya. Sebule haina dari ya kawaida. Mbao zimepigiliwa moja kwa moja chini ya kenchi, zinapanda pande mbili na kukutana juu katikati. Aliona hivyo Nairobi kwa binamu yake. Huko huko aliona taa zilizozama ndani ya dari. Hazining'inii, huzioni, unaona mwanga tu unashuka. Anazitaka. Akatuita mafundi wawili, mimi na Nasuru.

Nasuru ana cheti cha Kampala. Anatembea nacho. Akasema kwa dari ya mteremko taa za namna hiyo lazima ziagizwe, na zitachukua miezi miwili. Hajati akasema Maulidi yanasomwa kwake tarehe ishirini na tatu, hawezi kungoja. Kisha akaongeza jambo. Ana chumba cha mbele, barabarani, karibu na soko. Nikimwekea taa kabla ya Maulidi na zikampendeza, chumba ni changu cha kufanyia kazi. Zisipompendeza, anampa Nasuru.

Miaka sita nafanya kazi kwenye baraza ya dada yangu Kaudha. Miaka sita mumewe, shemeji Swaib, anaruka nyaya zangu kila asubuhi na kuguna. Chumba! Chenye mlango! Nikasema taa ninazo.

Sina.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimebuni! Nilitoboa kitako cha sufuria ya Kaudha, ile ndogo, nikapitisha holda, nikafunga balbu. Nikaegemeza ubao ukutani uiname kama dari ya Hajati, nikaukata tundu, nikaizamisha sufuria. Ubao umeinama, na sufuria ikainama nao. Mwanga haukushuka chini hata kidogo. Ulikwenda kando, moja kwa moja usoni mwa shemeji Swaib aliyekuwa anakula. Akasema anajiona kama yuko polisi anahojiwa.

Nikakaa chini, nikafikiri. Chai ikapoa. Kisha nikaona! Dari ilale itakavyo, mkebe wa taa usimame wima. Kwa hiyo mdomo wa mkebe ukatwe mshazari, ufuate mteremko, na mwanga utashuka chini kama maji ya bomba. Sijui kama Nasuru na cheti chake angefika hapo. Nilimweleza Kaudha kwa kirefu. Akauliza maziwa ya mtoto atayachemshia wapi.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimejaribu kukata mshazari mwenyewe. Mikebe mitatu ya maziwa ya unga imeharibika. Kidole kimoja pia.

Baada ya sala, nje ya msikiti, Nasuru akaniuliza mbele za watu kama taa zimefika. Nikasema ziko njiani. Akauliza zinatoka wapi. Nikasema kusini. Na si uongo kabisa. Muuza mafuta ya taa kaniambia kuna fundi bati katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Mkongomani, anatengeneza koroboi nzuri mpaka wenye maduka wa Kabingo wanamfuata kambini. Nakivale iko kusini. Nasuru akavaa viatu vyake.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nakivale. Pikapu hadi Kabingo, kisha nyuma ya baiskeli ya mtu, makalio yanaungua mpaka sasa.

Fundi anaitwa Papa Mushagalusa. Mtu wa Bukavu, mpole, mfupi, macho mekundu kwa moshi wa lehemu. Wakimbizi hapa wanapewa mafuta ya kupikia katika mikebe ya duara. Mafuta yakiisha, mkebe ni mali: unakuwa koroboi, unakuwa kikombe, unakunjuliwa na kuwa mlango. Nikachora taa yangu mchangani kwa kijiti. Akaelewa kabla sijamaliza, jambo lililoniudhi kidogo. Akauliza mteremko ukoje. Sikuwa nimeupima. Nikanyoosha mkono wangu hewani kumwonyesha.

Akachukua kijiti na uzi, akaanza kupima mkono. Akapima, akakata bati, akarudi kupima. Mkono ukawa umeshuka. Akakata tena. Ukawa umeshuka zaidi. Mwishowe akaweka mkasi chini.

"Fundi, mukono yako inachoka. Nyumba haipimwe na mukono ya muntu. Nitakuya miye mwenyewe."

Sikupenda. Watu wa Mbarara wakimwona watadhani taa ni zake. Lakini mkono ulikuwa unauma, nikakubali.

Jumatatu, 17 Oktoba

Papa Mushagalusa kaja na mikebe minane kwenye gunia. Nilimwambia Hajati kwamba huyu ni msaidizi wangu, mtu wa kubeba, na Kiswahili hajui. Dakika mbili baadaye niliwakuta wanazungumza bei ya ngozi, wote wawili wanacheka.

Alifunga jiwe kwenye uzi, akalining'iniza kutoka kwenye dari, akaweka ubao mdogo pembeni, akachora mstari. Basi. Hata chai yake haikupoa. Kufikia adhuhuri mikebe yote minane ilikuwa imekatwa mshazari. Akaniachia na maagizo: "Kwanza uiweke yote mu maji ya moto na majivu, usugue mingi, mafuta itoke. Na usigeuze fasi ya ndani. Ndani inangaa, inasukuma taa." Akarudi kwake jioni hiyo hiyo.

Majivu! Mimi ni fundi wa umeme, si mwosha vyombo.

Jumatano, 19 Oktoba

Siku mbaya. Jana niliweka mikebe minne upande wa kushoto. Safi kabisa. Leo nikapanda ngazi upande wa kulia, nikaweka wa tano. Mdomo umekatwa kinyume! Dari inapanda huku, mkebe unapanda kule. Pengo la kupitisha paka. Wa sita hivyo hivyo. Wa saba, wa nane. Nikaona nimechezewa. Mkongomani kakata yote minane kwa upande mmoja, na bila shaka Nasuru yumo katika njama hii.

Nikatia mikebe minne kwenye gunia, nikaenda Nakivale. Pikapu, baiskeli, vumbi, makalio. Nilifika saa tisa alasiri, nimepanga maneno makali. Nikampa Papa Mushagalusa mkebe, nikamwambia aone alichofanya. Akautazama. Akanitazama mimi. Akaushika mkebe juu, akauzungusha nusu duara kwa vidole viwili.

Ukawa wa upande wa kulia.

Nikamwambia kwa kweli nilikuja kumsalimia. Akasema asante, akanipa muhogo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Taa zote nane ziko darini. Saa nne asubuhi nikawasha. Mwanga ulishuka vizuri. Saa nne na robo moshi mwembamba ukaanza kushuka pia. Mikebe ilipata joto, na mafuta yaliyobaki ndani yakaanza kukaanga. Hajati akatoka chumbani na mtandio puani.

"Wewe Mahmood! Mimi nilisema nataka taa, mimi hapana sema nataka kukaanga kabalagala ya ndizi kwa nyumba yangu."

Nikamwambia ni harufu ya kawaida ya taa mpya, hata Nairobi huwa hivyo. Akasema Nairobi hakusikia njaa alipotazama juu. Ana siku tatu, kasema, kisha anamwita Nasuru.

Ningeweza kuchemsha maji na majivu. Ningeweza. Lakini nikapata wazo bora. Nimeshusha mikebe, nimefungua maungio, nimekunja bati upya ndani nje. Sasa upande wenye mafuta unatazama juu, kwenye paa. Harufu iende kwa popo. Tatizo dogo tu ni kwamba upande wa nje wa mkebe, ambao sasa uko ndani, umeandikwa herufi kubwa nyekundu za Kiingereza. Nimezipaka chokaa. Nyeupe! Inang'aa kuliko bati! Papa Mushagalusa na kusugua kwake angejifunza kitu hapa.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimemaliza. Nimewasha kidogo tu, kuokoa balbu. Hakuna moshi wala harufu. Mwanga umeshuka miduara minane juu ya zulia, mduara hadi mduara, kama sahani zilizopangwa mezani. Hajati alisimama katikati ya sebule, akatazama juu, akazunguka polepole. Akatabasamu. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nimekaa na furaha hiyo mchana kutwa, sikutaka hata kula.

Nimepita kwenye chumba cha mbele nikakipima kwa hatua. Tano kwa nne. Mlango una makomeo mawili.

Jumapili, 23 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Maulidi yalianza baada ya alasiri. Sebule imejaa, udi unafuka, wanawake chumba cha pili mlango wazi. Nasuru kaketi karibu na ukuta, kavaa kanzu iliyopigwa pasi kama karatasi. Wingu la mvua likafunika, ndani kukawa giza. Hajati akaniashiria. Nikawasha.

Mwanga ukashuka sawasawa kwenye kitabu cha shehe. Watu wakasema mashaallah. Nilimsikia mtu akiuliza ni fundi gani. Nikakohoa ili ajue. Nasuru alikuwa anatazama sakafu. Nikasema moyoni kwamba chumba ni changu.

Baada ya nusu saa hivi kitu cheupe kilianguka begani mwa shehe. Akakipangusa. Kikaanguka kingine kwenye kofia ya mzee mmoja. Kisha vikaanza kunyesha. Balbu zilikuwa zimekausha chokaa, na chokaa ilikuwa inabanduka, mkebe baada ya mkebe. Watu wakatazama juu. Mwalimu Sulaiman, ambaye hawezi kuona maandishi akayaacha, akavaa miwani na kusoma kwa sauti, kisha akatutafsiria: msaada wa chakula kwa wakimbizi, hauuzwi wala haubadilishwi. Akageukia taa ya pili. Hauuzwi wala haubadilishwi. Alitaka kuendelea mpaka ya nane, shehe akamzuia.

Nasuru ndiye aliyecheka kwanza. Wakafuata wengine, wamefunika midomo kwa heshima ya siku. Mtu akauliza kwa upole kama Hajati naye sasa anapanga foleni ya posho. Hajati alisimama mlangoni. Sijawahi kuona uso umekauka hivyo.

"Nani alifanya hii?"

Nilipata akili haraka. Nikasimama, nikasema si mimi, Hajati. Ni yule Mkongomani wa Nakivale. Bati ni zake, mikebe kachagua yeye, kakunja yeye. Akauliza na kukata je, kule kukata ambako kunafanya mwanga uanguke wima hivi? Nikasema hata kukata! Kupima pia! Yeye kabisa, toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilishika ngazi tu. Nikaapa. Watu wote walisikia, shehe akiwa shahidi.

Hajati akainua macho kwenye taa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, wala hakuwa anaongea na mimi.

"Mwaka ya vita mimi pia nilikimbia, na watoto wanne. Mafuta kama hii nilikula. Kama si hii, ningezika mtoto. Wacha isomeke."

Hakuna aliyecheka tena. Akamwomba shehe aendelee, na taa zisizimwe. Mzee wa kofia alikuwa anajifuta macho, akasema ni chokaa.

Baada ya pilau Hajati aliniita pembeni. Nikadhani sasa yameisha vizuri, sasa ufunguo. Akanishukuru kwa kusema kweli mbele za watu, akasema si mafundi wengi wangefanya hivyo. Kesho anatuma gari Nakivale kumleta aliyezitengeneza. Chumba ni chake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mvua inaninyeshea. Kaudha aliniwekea pilau. Nikalia kidogo juu ya sahani, nikamwambia ni pilipili.

Ijumaa, 28 Oktoba

Papa Mushagalusa kafungua chumba jana. Kanipa benchi karibu na dirisha na kusema nikae hapo siku zote nitakazo. Alikuwa na machozi. Kasema katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuisifu kazi yake mbele ya "bantu mingi" namna ile, tena kwa kiapo. Nimeona aibu, aibu kweli, karibu mpaka saa sita.

Kaudha kaanika maharage kwenye baraza yake nzima. Shemeji Swaib anapita bila kuruka. Anapiga mluzi.

Mchana Papa alinisindikiza msikitini, akangoja nje maana yeye ni Mkatoliki. Baada ya sala yeye alipita sokoni, mimi nikarudi peke yangu, nikamkuta mlangoni pa chumba Enid, mke wa Sajenti Byaruhanga wa kambi ya jeshi. Alikuwa amesikia habari za sebule ya Hajati. Naye anataka taa kama zile, dari yake pia ina mteremko. Akaniuliza kwa adabu kama mimi ndiye yule aliyeshika ngazi.

Nikamwambia, mama, nani kakudanganya? Zile taa nilizikata mimi. Kupima, kukunja, yote ni mimi, toka mwanzo mpaka mwisho. Nikaapa.

Akafurahi sana. Kesho asubuhi Sajenti analeta gari la jeshi kunichukua. Anataka kuketi na wenzake wanione nikikata, mbele ya macho yao, mikebe yote kumi na miwili. Papa Mushagalusa kesho anakwenda Nakivale kuwaleta mke na watoto, atarudi Jumatatu. Sikumwambia kitu. Kaniachia mkasi kwenye msumari.

Nimeushika jioni hii, nikaufungua na kuufunga mara mbili tatu. Ni mwepesi. Bati ni bati tu. Kukata kuna ugumu gani?