Mashimo Yenu Yanamdekeza Mume Wangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashimo na Nyasi,
Uwanja Mpya wa Gofu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MASHIMO YENU KUMI NA MANANE

Natumaini barua hii inakukuta u mzima na nyasi zako zimelala vizuri. Mimi ni mke wa yule fundi bomba anayewatengenezea pampu na mabomba ya kumwagilia, ambaye kwa wema wenu mmemruhusu kucheza gofu kila Jumamosi asubuhi. Kazi yangu ni ushonaji. Gofu sijawahi kucheza. Hata hivyo uwanja wenu naujua shimo kwa shimo, na naujua pia Uwanja Mkongwe wa ng'ambo ya barabara, alikocheza miaka kumi na miwili kabla hamjamnyakua, kwa sababu vyote viwili hupangwa juu ya meza yangu ya kulia. Kijiko ni njia, kisahani cha chumvi ni mchanga, bakuli la sukari ni kilima, na kikombe changu, mara nyingi kikiwa bado na chai, ni maji.

Najua pia kwamba ninyi wachezaji mkisema "shimo" hamna maana ya kile kitundu chenye bendera tu, bali njia nzima tangu mtu anapopiga mpira wa kwanza. Nalisema hili mapema usije ukadhani unaandikiwa na mtu aliyekurupuka.

Kwanza historia kidogo. Uwanja Mkongwe ulichorwa na mtu mwenye kisirani, Mungu amrehemu. Hakuna shimo lake hata moja linalomtakia mtu mema. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka huko saa saba mchana, kofia mkononi, kimya. Ananawa, anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, ananishikia pindo au ananifumulia nyuzi, kisha ananiuliza wiki yangu ilikuwaje. Nami namweleza: mteja aliyenenepa akadai gauni limesinyaa, bibi harusi aliyebadilisha rangi mara tatu, dada yangu na simu zake za alfajiri. Ananisikiliza mpaka mwisho, maana yeye mwenyewe hana la kusimulia.

Tangu ahamie kwenu, huu mwezi wa tano, kigoda kimebaki kitupu. Siku hizi mluzi wake naanza kuusikia tangu getini, na kabla hajavua viatu ameshafungua droo ya vijiko. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, kama ifuatavyo:

1. Shimo namba moja, upana wake. La Uwanja Mkongwe ni jembamba, miti kushoto, mtaro kulia, mpira ukipinda kidogo tu umekwisha habari yake. La kwenu ni pana kiasi kwamba mume wangu, ambaye tangu nimjue hajapiga mpira ukanyooka, hajalikosa hata Jumamosi moja. Mimi ni fundi, Mheshimiwa, na madera nimeshona mengi. Nguo inayomtosha kila mtu haikushonewa mtu yeyote. Mchoraji wenu hakushika futi. Alikunja kitambaa mara mbili, akatoboa pa kupitisha kichwa, akasema tayari.

2. Mchanga. Kule Uwanja Mkongwe mchanga umewekwa palepale mpira unapopenda kuangukia. Kwenu umewekwa pembeni kabisa, mithili ya kifungo cha urembo kisichofunga kitu. Mume wangu anausifu kwamba ni mweupe. Mtu akiingia mchangani anatakiwa atoke na adabu, si na maoni kuhusu rangi.

3. Shimo namba nne, na hapa naomba ukae kitako. Penye bendera ya namba saba ya Uwanja Mkongwe pameinuka mgongo wa kobe. Mpira unafika, unatulia kidogo, halafu unateremka na kwenda zake. Namba saba ile ndiyo iliyoilea ndoa yangu. Penye bendera ya namba nne yenu, kinyume chake, pamebonyea katikati kama bakuli, na mpira ukiangukia popote unateremka wenyewe kukitafuta kitundu. Huko si kucheza, ni kumlisha mtu mzima uji. Majuzi mume wangu alipiga mpira ukagonga jiwe, ukagonga begi la daktari wa meno anayecheza naye, ukatumbukia bakulini na kutulia hatua mbili kutoka kwenye bendera. Pigo hilo nilisimuliwa Jumamosi mchana, nikasimuliwa Jumamosi jioni, na Jumapili likasimuliwa mbele ya mkwe wetu, aliyekuja kutueleza kwamba yeye na binti yetu wanafikiria kuhamia mbali. Aliondoka bila kutueleza. Habari yenyewe niliipata kwa simu siku ya Jumanne.

4. Maji. Bwawa la Uwanja Mkongwe liko mbele ya bendera, yaani unakokwenda unakuona na kufika hufiki. La kwenu, kwenye namba nne hiyohiyo, liko nyuma ya bendera, na kazi yake ni kufuga bata. Wiki iliyopita nilikuwa nakunywa chai yangu, mume wangu akaniambia, "Mama, hebu sogeza kikombe, hapo ndipo bwawa lilipo." Nikasogeza. Mwanamke wa umri wangu, mwenye vyerehani viwili na wanafunzi watatu wanaoniogopa, nimesogeza kikombe ili kijiko kipite.

5. Shimo la kumi na nane. La Uwanja Mkongwe linapanda mlima, na anayelimaliza anafika akihema, hana hata nguvu ya kujieleza. La kwenu linateremka mpaka barazani, penye viti na vinywaji, na watu waliokaa pale wanapiga makofi. Nani aliruhusu makofi? Makofi yale yanapanda naye pikipiki, yanafika kwangu, na yanakaa mpaka Jumatano.

Kwa hayo machache, naomba kamati yako itekeleze yafuatayo. Shimo la kwanza lipunguzwe hatua kumi kila upande. Fundi yeyote atakwambia kupunguza si kazi, kazi ni kuongeza. Bakuli la namba nne ligeuzwe nje ndani, kama tunavyogeuza kola iliyochakaa. Nimeambatanisha mchoro kwenye karatasi ya kukatia, na pale penye nukta nukta ndipo pa kukunja. Bata waondolewe, waletwe bata bukini wakali, wawili wanatosha, nao wafunguliwe kila Jumamosi kuanzia saa mbili hadi saa tano. Wanaokaa barazani wakalie mikono yao. Na endapo hayo yote yatakuwa mazito, basi mume wangu anapokaribia kumaliza, kitundu cha kumi na nane kifunikwe. Kifuniko nitakishona mimi bila malipo. Nina kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye sare za shule, na nimekilinganisha na nyasi alizorudi nazo kwenye soksi. Vinafanana kabisa.

Usinielewe vibaya. Sitaki afukuzwe. Huko kwenu anapapenda, na pampu yenu bila yeye haitafika mwezi. Nataka ashindwe kidogo tu, mara moja kwa wiki, kwa heshima zote, ili arudi kwenye kigoda. Nimemkumbuka, Mwenyekiti. Yumo ndani ya nyumba, kiatu chake nakiona mlangoni, na bado nimemkumbuka.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mkata nyasi, waliokaa barazani, daktari wa meno pamoja na begi lake, na bata pia, ambao najua hawana kosa. Kwa namna ya pekee msalimie mke wako, na umuulize kwa niaba yangu, siku ya Jumamosi hubakiwa na vijiko vingapi droo ikishafunguliwa.

Wako anayependa pindo lililonyooka,

Fundi Cherehani,
mke wa Fundi Bomba.

TANBIHI: Barua hii nilikuwa naileta mwenyewe jana, Alhamisi, na kwa kuwa fundi hapeleki lawama bila vipimo, nilikuja na futi yangu. Mkata nyasi alinikuta nimepiga magoti shimo namba nne, napima kina cha bakuli. Hakunifukuza. Alinipeleka hatua arobaini nyuma, akanipa fimbo, akasema nipige mpira mmoja ili nijue ninachokipima ni kitu gani. Mpira wa kwanza sijui ulikokwenda, na naomba radhi kwa mwenye gari. Wa pili ulikwenda kulia, ukaangukia ukingoni mwa bakuli, ukasimama kama unaotaka kunikatalia, kisha ukaanza kuteremka taratibu, ukizunguka, ukizunguka, mpaka ukaingia. Nilipiga kelele bata wote wakaruka. Mkata nyasi akapiga makofi, na sikumkataza.

Nilirudi nyumbani na barua yangu mkobani. Kwa kuwa nilishaiandika kwa mwandiko safi, naituma hivyohivyo, ila nakuomba uisome kana kwamba haikuandikwa. Mchoro unirudishie, ile karatasi ni nzuri. Bakuli la namba nne lisiguswe hata unyasi mmoja, na aliyelichora mpeni pongezi zangu, kumbe alipima. Kesho nakuja pamoja na mume wangu saa mbili asubuhi. Nimejishonea suruali.

Jana hiyohiyo jioni, kabla sijavua viatu, nilifungua droo. Mume wangu alikuja mwenyewe, akavuta kigoda, akakaa, nami nikampangia uwanja mzima kuanzia mahali nilipopigia magoti. Alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Nilipofika kwenye bata nikamwambia asogeze kikombe, na akasogeza.