Dubu Katikati ya Kunde

Jumatatu, 5 Mei
Kunde zangu zimeliwa tena! Mistari miwili mizima. Sungura. Kaacha na vinyesi vyake mbele ya kibanda changu. Dharau hii!

Shamba hili la Kurui, Kisarawe, ni la mke wangu, Maua, karithi kwa baba yake. Yeye anafundisha shule kule Kongowe, Kibaha, mimi nalima. Jumamosi anakuja kukagua. Kasema kunde zikiharibika na msimu huu, shamba atampa kaka yake, Hussen. Mimi nirudi Kongowe nikakae sebuleni. Inaniuma. Nalipenda shamba hili, hata kama lenyewe halinipendi.

Hussen tunapakana. Kanishauri nizungushie wavu. Wavu! Hiyo hata mtoto angeiwaza.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata! Kwenye hadithi zote za bibi, sungura kamzidi akili simba, fisi, hata tembo. Wanyama wa kwetu wote anawajua. Lakini dubu? Bibi hakuwahi kumtaja dubu! Sungura wa Kisarawe hatajua aanzie wapi.

Nimekwenda hadi Mlandizi, kwenye mitumba. Nimenunua dubu wa manyoya, ananizidi unene. Anatabasamu, lakini kwa mbali haionekani. Kurudi, bodaboda: dereva mbele, dubu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Watu wametupungia mikono. Sikujibu.

Jumatano, 7 Mei
Dubu kakaa katikati ya shamba. Nimemvika koti langu la mvua asilowe.

Biasha, anayenisaidia kupalilia, kapita alfajiri, kadhani ni mimi, akamwamkia shikamoo. Kimya. Karudia mara tatu. Kisha kaenda kunisema kisimani kwamba siku hizi najisikia.

Alhamisi, 8 Mei
Biasha karudi kuniomba radhi kama amenikosea. Kamwomba dubu. Kaona uso. Kakimbia, jembe kaliacha palepale!

Sasa hakuna anayekatiza kwangu. Mwenyekiti wa kitongoji kapiga simu akitaka kujua yule mnyama ana kibali. Nimemweleza ni mdoli. Kauliza mdoli wa nani, mbona sina mtoto mdogo. Nikasingizia mtandao, nikakata.

Kurui nzima inaogopa. Mistari mitatu zaidi imeliwa.

Ijumaa, 9 Mei
Hussen kasikia sina mpaliliaji. Kaja na jembe lake na mihogo ya kuchemsha. Kapalilia hadi adhuhuri, akimpa dubu mgongo muda wote. Kasema ana kipande cha wavu, aniazime. Nimemshukuru, nimekataa. Anajifanya mwema huyu. Shida yake shamba!

Mihogo ilikuwa mizuri lakini.

Jumamosi, 10 Mei
Maua kafika. Kaenda moja kwa moja kwa dubu, mimi nyuma na maelezo. Kainua koti. Mama sungura katoka taratibu, hata hakukimbia. Mapajani mwa dubu, watoto watatu wamelala, hawana habari!

Maua kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kaziangalia kunde, kicheko kikakata.

Nikajikuta nasema ukweli. Kwamba sebuleni nitakufa. Kwamba asubuhi nikishika jembe najiona mtu. Aibu tupu. Maua kanifuta vumbi begani. Kasema Hussen kampigia jana kuniombea msimu mmoja zaidi. Hussen!

Nimepewa. Wa mwisho. Kaniachia hela ya wavu. Katamka "wavu" mara nne, polepole.

Jumatatu, 12 Mei
Mlandizi. Wavu nimeuona. Mzuri, imara, bei nafuu. Nilishaushika kabisa.

Lakini nimetafakari. Kosa halikuwa dubu. Kosa ni kwamba dubu alikaa! Aliyekaa ana mapaja, na mapaja ni kitanda. Hapo ndipo nilipokosea, basi. Na pale mitumbani yupo pengwini wa plastiki, mrefu kama mimi, kasimama wima. Nimemzunguka mara mbili. Hana mapaja hata kidogo!

Maua kapiga simu kuuliza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mzigo nimeshaufunga kwenye bodaboda.