Mmemfundisha Rose Kula, Mimi Nile Wapi?

Ndugu Watengenezaji wa programu ya Onja Kidogo,

Hamjambo huko mliko na kompyuta zenu? Huku Newala sisi wazima, ila mimi nina njaa, na wenye kosa ni nyinyi.

Naitwa Selestini, mjomba wa Rose. Shule niliachia kidato cha pili, si kwa kushindwa, niliona inatosha. Huku kwetu mjomba ni mtu mzito: mtoto akiposwa naulizwa mimi, akitukana watu naulizwa mimi. Nakaa kwa dada yangu, Mama Rose, na pale nyumbani nilikuwa na kazi moja ambayo niliifanya kwa moyo: kumalizia sahani ya Rose.

Rose ana miaka minne. Alikuwa anakula wali mweupe tu. Kisamvu, analia kama kachomwa sindano. Mbaazi, analia. Mimi navuta sahani taratibu, "Usilie mama, mjomba yupo." Mtaa mzima ulinisifu kwa upendo. Halafu dada akatembelewa na rafiki yake wa Masasi, akawekewa kwenye simu programu yenu ya kuwazoesha watoto vyakula. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeandika mtoto asilazimishwe. Aguse, anuse, alambe, akitaka ateme. Kipande kiwe kidogo asipaliwe, chakula kigeni kiwe kimoja kimoja, na aangaliwe kama kinamdhuru. Nilicheka sana. Nikamwambia dada kwa mwendo huo Rose atafika kwenye mbaazi akiwa bibi harusi. Haukupita muda, mtoto anatafuna mbaazi, simu inampigia vigelegele na kumpa nyota, na mimi natazama sahani nyeupe pee.

2. Mmeandika pia kwamba mtu mzima ale kwanza mbele ya mtoto, kwa furaha. Nikateuliwa mimi. Chakula chenyewe mlenda, ile mboga ya kuteleza! Mimi na mlenda hatusalimiani tangu utoto. Nikaumeza machozi yakinitoka, na dada ananihimiza, "Tabasamu vizuri, Mjomba, meno hayaonekani." Simu ikapiga vigelegele, nikajua ni vya Rose. Nauliza kiungwana: mtoto halazimishwi, mjomba je?

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kilibaki chakula kimoja ambacho niliapa Rose hatakigusa: samaki nchanga. Nyinyi wageni niwaeleze: ni panya wa shambani, anabanikwa mpaka anakauka, mtamu kuliko maneno yangu. Nilimnasa mwenyewe kwenye mikorosho. Nikamwambia dada aiulize programu, nikijua ya watu wa mjini hiyo, lazima itakataza. Dada akaandika "samaki nchanga". Simu yenu ikajibu: "Samaki ni chaguo zuri! Ondoa magamba na miiba, mwanzishie mkiani."

Magamba! Ndugu zangu, mmeona wapi panya mwenye magamba? Dada alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachambua mifupa yote, akamnyofolea Rose kipande laini cha karibu na mkia. Rose akakishika, akanusa, akalamba. Akala. Akaomba kichwa. Kichwa ni cha mjomba!

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Punguzeni ubora: programu iwe inakataza kataza vyakula, hasa siku za nyama. Ikishindikana, basi niandikisheni na mimi kuwa mtoto, nisilazimishwe mlenda, na nikila nipigiwe vigelegele kama wenzangu.

Nisalimieni wake zenu, waume zenu, mabosi wenu, na yule dada anayesema "Hongera sana!" ndani ya simu. Mwulizeni kama ameolewa. Mwambieni Newala kuna kijana ana kiwanja.

Wenu mwenye njaa na heshima,
Selestini, Mjomba wa Rose

N.B. Nimechukua simu ya dada nipate anwani yenu, nikakuta watoto wawili wameandikishwa: Rose, miaka minne, na Selestini, miaka mitatu. Kumbe vile vigelegele vya mlenda vilikuwa vyangu! Ila Rose ananizidi nyota moja. Barua hii msiisome. Nijibuni hili tu, na haraka: mtu akiomba mwenyewe kuongezwa mlenda, anapata nyota ngapi? Rose ameshashika kijiko.