Kizimba cha Taka Mbele ya Geti la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Karani wa Baraza ametugawia madiwani ajenda ya kikao cha Alhamisi. Nimeisoma nikiwa kwenye ngazi, ikabidi nikae hapohapo. Baada ya suala la kupaka rangi kingo za barabara kuna hoja ya diwani wa kata jirani. Anataka kizimba cha taka kitolewe nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, kiletwe kwenye kiwanja cha wazi katika kata yangu. Kiwanja hicho kinatazamana na geti la mama mkwe wangu. Pua kwa pua!

Diwani huyo tunamwita Kipaza, maana hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Jamaa ananichukia tangu nilipowahi kiti kilicho chini ya feni ukumbini. Kiti nilikifikia kwanza. Mashahidi ninao.

Nimemweleza mke wangu kwa upole, akiwa anakunja nguo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema mama yake ana matatizo ya kifua, hawezi kuishi na nzi na moshi wa taka. Kizimba kikija, mama anahamia kwetu. Nikauliza atalala wapi. Akautazama mlango wa chumba changu cha kazi.

Chumba changu! Hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo nikitoa hoja inapita bila kupingwa. Halafu kuishi na mkwe nyumba moja! Mbele yake siwezi hata kupiga chafya bila kuomba radhi. Nimekosa hamu ya kula. Nimekula kidogo tu, mara mbili.

Jumanne, 5 Machi

Mama mkwe kapiga simu asubuhi. Nilisimama wima kuipokea, kama vile ananiona.

"Nimesikia habari za kizimba, baba," akasema. "Lakini wewe si uko humo ndani? Basi mimi sina wasiwasi."

Yeye hana. Wote umehamia kwangu.

Nimebuni mbinu. Nikaenda ofisini kwa Meya, nikafunga mlango, nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye uchungu na mji wake kwamba kile kiwanja hakifai. Ardhi tepetepe, maji yanatuama, lori litazama mpaka madirishani. Meya akashtuka kweli. Akanishukuru kwa uzalendo wangu. Nikatoka natembea kama bwana harusi.

Alasiri Meya akamtuma mhandisi kwenda kupima. Mhandisi karudi na taarifa safi. Ardhi ngumu kama sakafu, maji yanakwenda yenyewe, na lori linaweza kugeuza bila hata kurudi nyuma. Katika mji mzima, eti, hakuna kiwanja kinachofaa zaidi. Taarifa imeambatanishwa kwenye hoja ya Kipaza. Humo ndani nimeshukuriwa kwa kuibua suala hilo!

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka sina mbinu yoyote. Lakini nikiwa napiga mswaki, wazo likaja. Akidi!

Madiwani tuko kumi na mmoja, pamoja na Meya. Wasipofika sita, akidi haijatimia na kikao hakiwezi kuamua lolote. Kwa hiyo hoja ya Kipaza haihitaji kupingwa. Inahitaji kukosa watu. Nani mwingine angefikiria hilo?

Nimeshinda barabarani nikiwashawishi wenzangu wasije. Watu wa Kipaza sikuwagusa. Ni wanne, yeye mwenyewe akiwemo, ukiwasalimu wanajibu huku wanaangalia saa. Nikawaendea wale wanaonipenda, watano jumla. Mwalimu mstaafu nilimwambia kikao kitakuwa kirefu na mgongo wake haustahili mateso hayo. Mwuza magodoro nilimtakia usingizi mwema. Wengine wawili hawakuniuliza hata sababu. Kila mmoja nikamwahidi kiti cha chini ya feni. Itabidi nilifikirie hilo baadaye.

Aliyenisumbua ni Mshonaji, diwani wa kata ya sokoni, niliyesoma naye darasa moja. Alisimamisha cherehani. Akataka kujua kwa nini nisiwaombe waje wote wapige kura tu. Nikamwambia siasa ina kina kirefu, sio kama kupinda suruali. Akaiwasha tena cherehani, akasema sawa, kama ndivyo ninavyotaka.

Mke wangu kaniuliza mambo yanaendaje. Nikasema alale. Yeye akalala.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya aibu.

Nilifika mapema, nikajificha kwenye stoo ya mafagio kando ya ukumbi. Mlango wa stoo una ufa. Nikahesabu wanaoingia. Meya, Kipaza, na wale watatu wenzake. Watano! Hakuna mwingine. Nikakumbatia fagio kwa furaha.

Wakasubiri. Nikasubiri. Jasho linanitiririka, utando wa buibui umenikaa usoni, na chafya ninaizuia kwa vidole viwili. Mwisho nikamsikia Karani akisema taratibu kwamba akidi bado. Kipaza akauliza nani analalamika. Meya akakohoa, akafungua kikao!

Wanaanza bila akidi! Mchana kweupe! Damu ilinichemka. Nikausukuma mlango wa stoo, nikausukuma na wa ukumbi, nikasimama katikati na fagio mkononi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "akidi haijatimia!"

Karani akavaa miwani. Ni mama mpole, hana haraka na kitu chochote. Akatuhesabu mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu, akaishia kwangu.

"Sita," akasema. "Sasa imetimia. Ahsante, mheshimiwa."

Nikageuka nitoke. Karani akasema nikitaka kutoka ruhusa, ila kanuni zetu hazipunguzi mtu aliyekwisha kuhesabiwa. Nikarudi, nikakaa chini ya feni. Haikuwa inazunguka. Hoja imepita, kura tano kwa moja. Kipaza alinipa mkono mbele ya watu wote.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kumuuliza Karani kama kuna njia yoyote ya kukibatilisha kikao cha jana. Akaniambia, tena kwa huruma, kwamba ningebaki kule stoo kila kitu kingekuwa batili. Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema wameshamuuliza wengi.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe amehamia, hakusubiri hata lori la kwanza la taka. Kitanda chake kimeingia, meza yangu imetoka. Kwa sasa ninaandikia juu ya mashine ya kufulia, na mke wangu anafua.

Nilikuwa tayari kwa lawama. Nilikuwa nimeandaa majibu. Mama akanishika mkono mlangoni, akashusha pumzi, maana ngazi zilimchosha.

"Najua ulijitahidi, baba," akasema. "Usijilaumu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mume wake, maua ya ukutani kapanda mwenyewe. Nimeona haya kweli, sio ya kujifanya. Nikaenda kusimama bafuni mpaka yapungue.

Jumapili, 10 Machi

Mshonaji kaja nyumbani. Akamsalimia mama, akamuuliza hali ya kifua, halafu akaniita uani.

"Kaka, sisi watano tulikuwa upande wako," akasema. "Pamoja na wewe sita. Wao watano. Ungetuacha tuje, ungeshinda."

Nilihesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Nikakaa juu ya ndoo.

Mshonaji hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaeleza kwamba kanuni inaruhusu uamuzi kurejewa kwenye kikao kinachofuata, Alhamisi hii. Ameshawakusanya wote. Mwalimu atakuja na mto wa kuegemea. Mimi nifanye jambo moja tu. Nije, nikae, ninyooshe mkono. Akanitaka nimwahidi kwamba sitafanya lingine lolote. Nikaahidi. Mama mkwe alikuwa dirishani, naye akasikia. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje.

Jumatatu, 11 Machi

Sikupata usingizi. Kuja, kukaa, kunyoosha mkono. Hiyo ndiyo mbinu? Sita kwa watano! Mmoja akipata mafua tumekwisha. Kazi kama hii huwezi kuiacha mikononi mwa fundi cherehani.

Kwa hiyo nimeiboresha kidogo. Asubuhi nimepita dukani kwa Kipaza, nikamwambia kwa siri kwamba nimehamia upande wake. Lengo ni kumlegeza! Akijua ana kura yangu, hatahangaika kuwaleta watu wake wote. Alhamisi mimi nanyoosha mkono upande wetu, yeye anabaki mdomo wazi.

Amelegea kuliko nilivyotarajia. Karibu anibebe. Akatoka mpaka mlangoni pa duka, akautangazia mtaa mzima, na unajua sauti yake.

Mchana huu Mshonaji kapiga simu mara nne. Mwalimu mstaafu mara mbili. Mwuza magodoro katuma ujumbe kwamba kama ndivyo hivyo, yeye Alhamisi anasafiri. Sijamjibu hata mmoja, kwa sababu mbinu nzuri haielezwi kwenye simu.

Mama mkwe kaniuliza kama afungue maboksi yake au asubiri Alhamisi. Nimemwambia asubiri, asiguse hata moja.