Miguu ya Kumwonyesha Mama Mkwe

Alhamisi, 15 Mei. Kitale

Nimejiandikisha kwenda hija. Mimi, Ngige, ambaye jirani wa nyumba ya pili akiniita natafuta bodaboda.

Si kupenda kwangu. Ni Mama Nyaruai. Nataka kumwoa binti yake Rosaline, na Rosaline ameshakubali, ila kwao neno la mwisho ni la mama. Na mama amesema maneno ya wanaume ameyasikia ya kutosha, sasa anataka kuona miguu. Kila mwaka yeye huwaongoza mahujaji wa parokia yetu kutembea hadi Namugongo, kule Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi. Ati atakayefika Bungoma kwa miguu yake mwenyewe, huyo alete wazee nyumbani wazungumze. Asiyefika asahau mlango wake.

Ningejitia mgonjwa. Lakini Munene naye amejiandikisha. Munene wa duka la dawa za mifugo, anayeimba besi kwaya huku amefumba macho. Anamtaka Rosaline tangu mwaka jana. Hapo damu ikanichemka.

Jioni kulikuwa na mkutano. Katekista alisoma masharti marefu kuhusu msalaba, nani anaubeba na kwa nini. Sikusikiliza. Nilikuwa naandikiana na Kipruto wa bodaboda. Mpango uko tayari: kesho tukishapita Kiminini nitabaki nyuma kama mtu anayejisaidia, Kipruto atanichukua, atanizungusha kwa njia za ndani mpaka karibu na Kamukuywa. Mungu haangalii miguu, anaangalia moyo. Na moyo wangu utafika mapema.

Ijumaa, 16 Mei. Kamukuywa

Mambo yameenda vizuri kupita kiasi.

Tulitoka Kitale baada ya misa, Rosaline naye yumo. Rozari, nyimbo, rozari tena. Munene akaimba milima yote, kupanda na kushuka. Nikamwacha aimbe. Pumzi ni zake.

Tulipopita Kiminini nikashika tumbo, nikaingia shamba la mahindi kungoja kundi lipotee. Hapo kukawa na kasoro ndogo. Mimi ni mtu wa viatu vya mitumba, kilimo sikijui. Mahindi ya Mei yananifika magotini! Ilibidi nilale kifudifudi kwenye matope yenye samadi, na kila nikiinua kichwa naona kitambaa cheupe cha kichwani cha Mama Nyaruai barabarani. Sidhani aliniona. Alikuwa anasali.

Kipruto akaja. Akacheka mpaka akazima pikipiki. Akaniacha kwenye kihoteli karibu na Kamukuywa, nikala chapati na maharagwe, nikalala kwenye benchi usingizi wa haki. Nyimbo zikaniamsha. Nikajimwagia maji kichwani yawe jasho, nikajiunga na mkia wa kundi nikichechemea mguu wa kushoto. Baadaye nikasahau, nikachechemea wa kulia. Hakuna aliyeuliza.

Kumbe kuna desturi sikuijua. Jioni, akina mama wa mahali tunapolala huwaosha mahujaji miguu kwa maji ya moto na chumvi. Munene alikuwa na malengelenge mpaka katikati ya vidole, na chumvi ilipomgusa aliimba noti ambayo si ya besi. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Zamu yangu ikafika. Mama mmoja aitwaye Agneta akanishika mguu, akaugeuza, akawaita wenzake waje waone. Hakuna lengelenge, hakuna mkwaruzo, kisigino laini cha mtoto wa juzi. Nikajua nimekwisha. Mama Nyaruai akaja, akainama, akaitazama ile miguu kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole kwamba huyu amebebwa. Akina mama wakaitikia amina.

Nilikaribia kulia kwa raha. Hiyo ni neema bana, hata mimi nikaanza kuiamini.

Ndipo katekista akasimama na yale masharti yake. Ati anayebeba msalaba kesho ni yule ambaye leo ana miguu mizima kuliko wote. Watu wakanipigia makofi. Munene alipiga kuliko wote.

Jumamosi, 17 Mei. Webuye

Naandika nimelala. Kukaa siwezi.

Ule msalaba ni wa mkaratusi mbichi. Aliyeuchonga ana ugomvi na mabega ya watu. Mbaya zaidi, mwenye msalaba hutangulia mbele ya wote, na Mama Nyaruai huja nyuma yake, karibu kabisa, akihesabu rozari. Huwezi kushika tumbo. Huwezi kuona shamba ukaingia.

Karibu na Misikhu mvua ikatupiga. Raba zangu, nilizojichagulia kibandani mwangu mwenyewe, zile ninazowaapia wateja kwamba ni orijino, zikafunguka mdomo zote mbili. Sasa nimejua kwa nini yule mwalimu alirudisha zake. Nilimwambia anatembea vibaya.

Katikati ya mvua hiyo nani akatokea? Kipruto, chini ya mwavuli wa pikipiki, akapiga honi na kuniuliza kwa sauti kama leo nitapanda pale pa jana au mbele kidogo. Nikamgeukia Mama Nyaruai, nikamwambia kijana huyu amechanganyikiwa, tumwombee. Akakubali. Tukamwombea hapo hapo, na Kipruto akavua helmeti kwa heshima.

Baada ya amina, Mama akasema kwa kuwa pikipiki imekuja yenyewe, asiyeweza tena kutembea apande. Akamwangalia Munene. Hakumaliza sentensi, Munene alikuwa ameshakaa. Akanipita chini ya mwavuli, mkavu, akanipungia mkono. Kwenye kiti changu! Nilitamani kuutupa msalaba nimkimbilie, ila Rosaline alikuwa amekuja kando yangu. Alishika upande mmoja wa ule mti, akanisaidia mpaka mvua ikaisha. Nilimpenda kuliko siku zote.

Hapa Webuye nimeoshwa na Phelista, mama wa Kibukusu mwenye mikono ya nguvu. Kwa lafudhi yake ya l kuwa r, akasema rete huo mguu, akauona, akasema pore sana mwanangu. Malengelenge yangu yanazidi ya Munene. Nimeyahakikisha.

Kisha Mama Nyaruai akaja na kikombe cha uji, akaketi karibu. Akaniuliza kama najua yeye amelima mahindi miaka mingapi. Nikasema sijui, mama. Akasema ni mingi, na katika miaka hiyo yote, mahindi ya Mei hayajawahi kuficha mtu. Yanaficha kuku. Aliniona nimelala pale na matako juu. Pikipiki pia aliisikia. Alinyamaza kwa sababu alijua msalaba utanifikia jioni.

Nilitamani ardhi ifunguke. Lakini hakuwa amekasirika. Akasema Munene amepanda, kwa hivyo huyo amejitoa mwenyewe. Mimi jana nilikuwa mjinga, lakini leo nimetembea, na miguu ya leo ameiona. Msalaba kesho una mtu mwingine. Imebaki safari ya Webuye hadi Bungoma tu. Nikiimaliza kwa miguu yangu, nilete wazee.

Akanipa uji. Nimelia kidogo, na nimesema ni moshi wa jikoni. Mama huyu ni mtu mwema sana. Nimeapa sitamdanganya tena maishani.

Jumapili, 18 Mei. Webuye, kabla ya kuondoka

Nimeamka. Vidole havikunjiki. Nikajaribu kusimama, nikakaa.

Nimewaza kiapo cha jana. Nilisema sitamdanganya, sikusema sitampunguzia kazi ya kunisubiri njiani. Kosa letu lilikuwa Kipruto, kelele nyingi. Na mahindi. Leo hakuna mahindi, nitajificha kwenye miwa, miwa ni mirefu. Nimejifunza.

Nimempata mwingine, anaitwa Jairus. Mtu mzima, mpole, mwenyeji wa Mabanga, pikipiki yake haina hata honi. Atanichukua kwenye miwa na kunishusha Mabanga, pale karibu kabisa na Bungoma, na hakuna anayemjua kati yetu. Nilimwuliza kama anaweza kutunza siri. Akaniambia kwao wote ni watu wa kanisa, nisiwe na wasiwasi, na hawa mahujaji wetu anawafahamu vizuri, kwa sababu kila mwaka mama yake ndiye anayewaosha miguu huko Bungoma.

Nimefurahi sana. Mtu wa familia nzuri namna hiyo hawezi kukuangusha.