Springi za Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Mtaa huu mzima hakuna anayejua umeme kama mimi. Haya, niliwahi kubadilisha balbu moja, na ile ya zamani ilikuwa nzima. Umeme ndio ulikuwa umekatika. Lakini shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, hajui hilo. Leo binti yake kamletea kiti cha magurudumu cha umeme. Anasukuma kijiti kwa kidole kimoja, kiti kinaondoka kama gari la waziri. Akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, mjane wa nyumba ya kona. Mjane ambaye mwaka mzima nampelekea mashati yenye vifungo ninavyovikata mwenyewe. Akaacha cherehani, akakisifu kiti na mwenyewe. Mimi mwenye miguu miwili mizima ananiita babu. Yeye anamwita mzee wangu. Wivu? Nani, mimi? Nimekosa tu hamu ya kula.

Jumanne, 4 Juni
Nimejitolea kumkagulia kiti bure. Shemeji akashangaa, akasema mkono wangu ulivyo mzito kutoa, lazima kuna jambo. Nikamwambia undugu ni kufaana. Chini nikakuta betri mbili na mota mbili, na kando ya kila mota kishikio chekundu. Nikavishusha vyote viwili. Mota zikaachia magurudumu, kijiti kikabaki pambo. Shemeji akasukuma kijiti hadi jasho likamtoka. Nikamwambia betri zimechoka, atulie ndani. Nikajipaka mafuta, nikaenda kwa mjane. Hayupo. Alikuwa barabarani anamsukuma shemeji kwa mikono yake, wanacheka.

Jumatano, 5 Juni
Nimeviinua vishikio haraka kabla hajanogewa na kusukumwa. Akanishukuru, eti nimezifufua betri. Sasa zamu ya springi. Ziko nyuma ya kiti, ndizo zinazomeza mashimo ya barabara. Nikazikaza kwa spana mpaka zikagoma. Nilijua mawe ya mtaa wetu yatamrudisha kitandani. Kweli jioni alilalamikia mgongo, lakini alilalamika kwa nani? Mjane akatoa utepe, akampima makalio ili amshonee mto. Kwa utepe! Suruali yangu aliikadiria kwa macho.

Alhamisi, 6 Juni
Mto umetariziwa maua. Mchana shemeji kalala, kiti kiko barazani. Nikaamua niende kwa mjane nimekikalia, na mimi nionekane mtu. Nikasukuma kijiti. Taa inawaka, kiti hakitikisiki. Vishikio viko juu. Basi kosa ni waya. Nikafungua kifuniko, nikachomoa plagi za betri, nikazipuliza, nikazirudisha, nikakaa tena na kusukuma kijiti. Wapi. Nati zimetapakaa miguuni kama karanga. Mjane akatokea, uzi mdomoni, akauliza, babu, unaatamia nini hapo? Nikasema mota zina hitilafu ya ndani kwa ndani, inahitaji mtaalamu, bahati nzuri nipo. Akaufuata waya mmoja kwa macho mpaka ukutani, akachomoa chaja. Kikiwa kinachaji hakiendi, akasema, mzee wangu alinieleza siku ya kwanza. Kidole changu kilikuwa bado kimebana kijiti. Kiti kikachomoka, kikagonga kizingiti, springi nilizozikaza mwenyewe hazikumeza kitu. Nilitua kwa makalio ambayo hakuna aliyewahi kuyapima.

Ijumaa, 7 Juni
Nimelala kifudifudi. Shemeji kaja kunipa pole, springi keshazilegeza kwa fundi wa kweli. Nikadhani anakuja kunisuta. La. Ananiomba Jumapili nimpelekee posa kwa kaka wa mjane, eti mimi ndiye mtu mzima wa familia mwenye maneno. Nimekubali. Maneno ninayo, ila sijasema nitamposea nani.

Tatizo ni mwendo, maana kutembea siwezi, na kukaa labda juu ya mto. Nimempigia binti wa shemeji. Nimemkumbusha kwamba siku mafuriko yalipoingia kwao, aliyembeba mabegani ni mimi, na tangu hapo sijamwomba kitu. Sitaki makubwa. Anitafutie kiti kama kile, hata kilichotumika, mradi kifike kabla ya Jumapili na mota zake ziwe na mbio zaidi kidogo kuliko za baba yake.