Naomba Nisiombewe

Kwa Sista Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ya Parokia,
Ofisi ya mwisho, karibu na stoo ya madawati.

YAH: KUOMBEWA KUPITA KIASI

Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Najua hapo ulipo umeshajibu "milele na milele, amina" hata kabla hujajua nani anakuandikia, kwa hiyo angalau tumeanza kwa kuelewana.

Mimi ni yule fundi cherehani wa barabara inayopita nyuma ya shule, kibaraza cha tatu ukitoka getini, mwenye mashine mbili ambazo moja inafanya kazi. Sare za wanafunzi wako karibu nusu nimeshona mimi. Ukiona kola imelala vizuri, hiyo ni yangu. Ukiona imesimama kama sikio la mbwa aliyeitwa jina lake, hiyo ni ya mwenzangu wa sokoni, na wala simsemi. Vilevile mimi ni baba wa mwanafunzi wa darasa la tano ambaye nyumbani tunamwita Wakili, kwa sababu tangu akiwa na miaka minne hakubali neno mpaka aone ushahidi. Ninyi mkaona kipaji, mkampa kazi ya kusoma nia za sala kwenye misa ya wanafunzi ya kila Alhamisi. Mimi nikafurahi, nikamshonea na sketi mpya ya kusomea. Laiti ningejua.

Sista, sina ugomvi na sala. Ninasali, hata kama si kwa kiwango ambacho mke wangu angependa. Ugomvi wangu ni na kile kisanduku. Kila Jumatatu watoto wanaandika nia zao kwenye vikaratasi na kuvitumbukiza katika kisanduku kilicho chini ya sanamu ya Bikira Maria pale koridoni. Alhamisi Wakili anazisoma, na watoto mia nne wanaitikia "Ee Bwana, twakuomba utusikie". Ijumaa nia hizohizo zinachapwa katika lile karatasi la habari za shule, upande wa pili, chini ya matokeo ya mpira wa pete na orodha ya masweta yaliyookotwa, ili nasi wazazi tuzisali majumbani. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye kanuni uliyowapa wewe mwenyewe: kwamba mtoto asiombee "watu wote wenye shida", maana huo ni uvivu, bali amwombee mtu mmoja anayemjua, kwa jambo moja aliloliona kwa macho yake. Watoto wengine waliisikia kanuni hiyo na kuisahau kama wanavyosahau masweta. Wangu aliishika. Na mtu anayemjua kuliko wote, anayemwona kwa macho yake kila siku akitoka shule na kukaa kibarazani kufanya hesabu zake, ni mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki ya kwanza tu, ilisomwa: "Tumwombee baba yangu fundi, ambaye amemwambia muuguzi kwamba gauni lake limebaki vifungo tu, wakati kitambaa bado kimo kwenye mfuko aliokuja nacho." Ee Bwana, twakuomba utusikie. Sista, kila fundi duniani husema limebaki vifungo. Huo si uongo, ni lugha ya kazi, kama muuguzi huyohuyo anavyomwambia mgonjwa kwamba sindano haitauma. Bahati mbaya ana mtoto darasa la tatu. Ijumaa jioni alifika na karatasi la shule limekunjwa mara nne, akanyoosha mkono. Nikampa mfuko wake. Aliuchungulia, akatikisa kichwa, akasema na yeye ataniombea.

2. Suala la mama mkwe. Mama yake mke wangu alikuja kututembelea kwa siku tatu, na wakati ninaouzungumzia alikuwa amefikisha wiki ya tano. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hawakusema kama na mama mkwe anapewa. Ni mama mwema sana, ila ana tabia ya kuhesabu vijiko vya sukari ninavyotia kwenye chai, na anahesabu kwa kutamka. Basi siku moja, mara moja tu, tena nikiwa nanyoa ndevu, na maneno ya mtu anayenyoa ndevu si kiapo, nilisema Mungu angemjalia mama safari njema, na mapema. Alhamisi ikasomwa: "Tumwombee bibi yangu apate usafiri wa kurudi kwake haraka, kama baba anavyotamani anaponyoa." Mama mkwe hasomi bila miwani, na miwani aliisahau kwake, kwa hiyo karatasi lilipoletwa akamwomba mjukuu amsomee. Mjukuu akasoma neno kwa neno, na hata alipoona nimemkonyeza akaniuliza jicho lina nini. Mama mkwe akasema sala nzuri haina haraka, naye atakaa hapahapa aone kama hii itajibiwa. Hii ni wiki ya tisa.

3. Heshima yangu mtaani imekwisha. Wiki iliyopita kundi la darasa la kwanza, watoto ambao hata meno hayajakamilika, walipita mbele ya kibaraza wameshikana mikono wawili wawili, na wote kwa pamoja wakaniamkia: "Shikamoo, Baba Tumwombee." Mwalimu wao aligeuka upande akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala. Sasa hivi hata wateja wanaelekezana hivyo. Siku hizi mtu akija na kitambaa, kwanza ananitazama usoni kwa huruma, kama ninaumwa.

4. La nne nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu. Amesema nikiliandika hapa, mtoto atakuwa amepata ushahidi wa maandishi.

5. Hili ndilo zito, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sista, sala zenu zinajibiwa.

Usicheke. Jumanne ya wiki iliyopita alikuja kiongozi wa kwaya kuulizia suruali yake. Nikafungua kinywa kusema imebaki vifungo, hata kama suruali ina kifungo kimoja tu. Likatoka: "Sijaanza." Nilishtuka mwenyewe. Yeye akatafuta stuli akakaa. Akaniuliza itakuwa tayari lini, nami nikijua nitasema kesho, nikasikia sauti yangu ikisema, "Wiki mbili, na huenda tatu." Unajua alifanya nini? Alinishukuru! Alisema katika miaka kumi na miwili hajawahi kupata jibu la namna hiyo kutoka kwa fundi yeyote, akaniachia na koti. Mchana huohuo likatokea lilelile kwa wateja wengine wawili. Siku mbili baadaye, jioni, nikatia sukari kwenye chai, na kijiko cha nne kikaniponyoka kikaanguka sakafuni, na ilikuwa Alhamisi, na nia ya kunipunguzia hiyo sukari ilikuwa imesomwa asubuhi. Mama mkwe aliinua mikono juu akamshukuru Mungu.

Sasa nifanye nini? Mafundi wenzangu wa mtaa huu wamenijia watu watatu kulalamika kwamba ninaharibu kazi. Wateja wao wameanza kuwauliza, "Kweli kweli, au kama zamani?" Mtu mmoja akikuombea unaweza kujikaza. Mke wangu ameniombea miaka kumi na mitatu na nimejikaza bila shida yoyote. Lakini watoto mia nne, kwa pamoja, asubuhi, kabla ya mapumziko, wakiwa na njaa! Huko si kuombewa tena, ni kuzingirwa. Hospitalini hata kung'olewa jino unatia sahihi. Mimi ninabadilishwa tabia nzima na hakuna aliyeniletea fomu.

6. Na sasa Siku ya Wazazi ni Jumamosi ijayo. Nimeambiwa Wakili ndiye atakayesoma, mbele ya Paroko, wazazi wote, muuguzi, kwaya nzima, na mama mkwe ambaye ameshaagiza miwani yake. Mimi nitakuwa kibarazani namalizia sare za siku hiyohiyo, lakini vipaza sauti vyenu vinafika mpaka kwangu na kupita. Juzi nilimkuta Wakili anaandika. Nikaona mstari mmoja: "Tumwombee baba yangu, ambaye". Hapo akafunika kwa mkono. Nilimuuliza ambaye nini. Akasema cha kisanduku ni siri mpaka kisomwe, na kwamba ni wewe uliyesema hivyo.

Sista, tangu siku hiyo nafumua kuliko ninavyoshona. Maisha yangu yananing'inia kwenye hilo neno "ambaye". Nimejaribu kukumbuka yote yanayoweza kufuata, na kadiri ninavyokumbuka ndivyo ninavyozidi kukumbuka. Na nikuambie ukweli, maana sasa sina namna nyingine: naandika kwa utani, lakini naona aibu. Mtu akisemwa na jirani atasema jirani ana wivu. Akisemwa na mwanawe, tena bila ubaya, tena mbele ya Mungu, atasema nini? Mtoto huyu alikuwa akiniona mkubwa. Sasa ananitazama kama hesabu ambayo jibu lake halijatoka sawa, na anairudia kila wiki.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo kabla ya Jumamosi:

(a) Wakili aondolewe kwenye kusoma nia, apewe utumishi wa kimya. Anaweza kuwasha mishumaa. Mishumaa haina habari.

(b) Nia yoyote inayomhusu mzazi ipelekwe kwanza kwa mzazi huyo siku tatu kabla, aipunguze kiuno panapohitajika.

(c) Isomwe sala moja ya kutengua, watoto wote mia nne wakiwepo, wakimwomba Mungu azichukulie nia zilizotangulia kama hazikusomwa. Wasiitikie kwa nguvu kupita walivyoitikia zile za mwanzo, nisije nikawa mbaya kuliko nilivyokuwa.

(d) Kama ni lazima fundi aombewe, basi iwe kwa zamu. Nampendekeza yule wa sokoni. Ana mambo mengi ya kuombewa, na kama watoto hawajayaona kwa macho yao, mimi nimeyaona na niko tayari kuyaandika, kurasa mbili.

Nikikosa majibu nitalazimika kumwandikia Paroko, na Paroko nimeshamkagulia kanzu, inahitaji kushushwa pindo.

Wasalimie masista wote, mwalimu wa darasa la tano, na yule wa darasa la kwanza mwenye ndala za kamba. Msalimie na mlinzi wa geti, mwambie suruali yake iko tayari. Iko tayari kweli, ndiyo balaa lenyewe. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe naye anakusalimu, na ameniagiza niandike kwamba yeye hakubaliani na barua hii hata nukta moja.

Mimi mzazi mwenzenu, ninayeombewa bila kuomba,

Fundi wa kibaraza cha tatu.

N.B. Sista, nilipoinuka kutafuta bahasha nimelikuta daftari la Wakili limeachwa wazi juu ya meza ya kukatia, mwenyewe ametumwa dukani na bibi yake. Nimesoma. Najua ni dhambi na najua litasomwa Alhamisi. Imeandikwa hivi: "Tumwombee baba yangu, ambaye kila mwaka Siku ya Wazazi anashona sare za watoto wengine mpaka sisi tunamaliza sherehe. Bwana, umsaidie mwaka huu amalize mapema. Na asipomaliza, asijisikie vibaya. Mimi nitasoma kwa sauti kubwa ili asikie hukohuko."

Ni kweli. Miaka mitano yuko hapo shuleni na sijawahi kukanyaga siku hiyo. Kila mwaka nimemwambia niko njiani.

Naomba ufute namba moja mpaka sita, na (a) mpaka (d). Asiondolewe. Mishumaa mpeni mwingine. Zimebaki sare saba, nitazimaliza Ijumaa, na isiyoisha mwenyewe atavaa ya zamani na mama yake aninunie. Nitunzie kiti kimoja, mbele, kama inawezekana mbali kidogo na mama mkwe. Ila tafadhali usimwambie Wakili aibadilishe nia yake kwa sababu tu nimeandika kwamba nitakuja. Maneno yangu anayajua. Mwache apande nayo pale mbele ikiwa mkononi, atazame viti kwanza, ndipo aamue kama ataisoma.